Nani Yuko Mtoni Maji Yanapojaa

Tarehe 26 Aprili 1858 mitumbwi miwili kutoka Ujiji ilifika Uvira. Waliokuwamo ni pamoja na Waingereza wawili wagonjwa, Richard Burton na John Hanning Speke, na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani hadi India, akarudi Afrika akiwa huru na kuwa mkalimani na tegemeo la misafara. Wapiga makasia walikuwa wa Kannena, mtawala wa Kawele, aliyekubali kwenda kwa malipo aliyoyapanga mwenyewe. Burton alikuwa na vidonda ulimini, hata kuzungumza kulikuwa mateso. Mvua iliwanyeshea karibu njia nzima. Yote hayo waliyavumilia kwa ajili ya swali moja: mto mkubwa ulio kaskazini mwa ziwa Tanganyika, ule uitwao Ruzizi, unatoka ziwani au unaingia?

Ulaya nzima ilikuwa ikisubiri jibu. Kama Ruzizi unatoka, basi huenda maji ya Tanganyika yanakwenda kaskazini na kuwa Nile, na chimbuko lililotafutwa tangu enzi za Wagiriki limepatikana. Matumaini hayo yalizaliwa mwezi mmoja kabla, kisiwani Kasenge, ambako Speke alikwenda kwa mfanyabiashara Hamid bin Sulayyim kutafuta jahazi la kukodi. Jahazi hakulipata, ila alirudi na habari kwamba Hamid ameuona mto huo ukitoka. Tatizo ni kwamba Speke hakujua Kiarabu wala Kiswahili. Alizungumza na Bombay kwa Kihindustani, Bombay akazungumza na Hamid, na jibu likarudi kwa njia hiyo hiyo ndefu.

Pale Uvira, wana watatu wa mwami (mtawala) Maruta walikuja kuwatazama wageni. Vijana hao walikuwa wameshafika Ruzizi. Walipoulizwa, walisema bila kusita kwamba mto unaingia ziwani, na watu wote waliokuwa wamekusanyika wakaunga mkono. Ndipo Bombay naye akasema kwamba Speke alimwelewa vibaya Hamid: mzee huyo alizungumza habari za mto unaoingia. Burton aliandika baadaye jinsi alivyovunjika moyo. Akaomba apelekwe akaone kwa macho yake, lakini wapiga makasia wakakataa katakata, wakisema watu wa mbele ni wakali. Msafara ukageuka.

Hapa ndipo historia ya kupima maji ya Uvira inapoanza, na inaanza kwa jambo linaloniuma. Aprili ni mwezi ambao mito yote ya upande huu imejaa. Mtu angefika mlangoni mwa Ruzizi siku ile asingehitaji chombo chochote. Jani lililoangukia majini lingemwonyesha maji yanakwenda wapi. Wenyeji walikuwa wameshaliona jani hilo maisha yao yote. Ushahidi wao ulikuwa kamili, wa watu wengi, wasio na faida yoyote katika mabishano ya London. Hata hivyo, mwaka 1864, akiwa katika ugomvi wake na Speke juu ya Nile, Burton aliurudia uwezekano kwamba Ruzizi unatoka ziwani. Neno la wana wa Maruta halikuwa na uzito wa kutosha kwake, kwa kuwa hakuna Mzungu aliyekuwa ameuona mto huo.

Ikachukua miaka 13 tangu siku ile ya Uvira. Novemba 1871, siku chache baada ya kukutana Ujiji, Henry Morton Stanley na David Livingstone walipanda mtumbwi wa kuazima kutoka kwa Syed bin Majid na kuelekea kaskazini. Livingstone mwenyewe alikuwa amejijengea dhana kwamba Tanganyika limeungana na maziwa ya Nile. Walifika kwa Mukamba, kisha kwa kaka yake Ruhinga, katika uwanda wa mto. Ruhinga alikuwa mtu wa kupendeza kwa yeyote anayethamini maarifa: aliwatajia mto mmoja baada ya mwingine unaomwaga maji Ruzizi, na akawaambia kwamba Ruzizi wenyewe unatoka katika ziwa lililo juu, Kivu. Kisha wageni wakapiga makasia hadi kwenye matete ya mlangoni, wakaingia katika mkono wa kati wa mto, na mkondo ukawapinga kwa nguvu, ukiwasukuma kurudi ziwani. Basi. Swali likafungwa. Ramani za Ulaya zikasahihishwa, na sifa ikawaendea wawili waliokuwa mtumbwini. Ruhinga alikuwa amekwisha kutoa jibu, pamoja na jina la ziwa ambalo Mzungu wa kwanza kulifikia, Gustav Adolf von Götzen, aliliona mwaka 1894.

Lililobaki, yaani mahali maji ya Tanganyika yanapotokea, lilijibiwa upande wa magharibi wa ziwa. Verney Lovett Cameron aliufikia mto Lukuga mwaka 1874 akaukuta umezibwa na majani na matope. Miaka michache baadaye kizuizi kikavunjika, na Edward Coode Hore wa misheni ya London, aliyekaa Ujiji, akaanza kuweka alama za usawa wa maji na kuona ziwa likishuka mwaka hadi mwaka. Namtaja Hore kwa sababu moja: alikaa. Hakupita tu.

Kuna kitu ambacho Burton hakuweza kukijua, nami nakiona kuwa cha ajabu kuliko kisa chenyewe. Maji ya Kivu zamani kweli yalikuwa yakienda kaskazini, kwenye bonde la Nile. Kisha volkano za Virunga zikaota katikati ya njia na kuliziba bonde kama ukuta. Kivu likajaa, likapanda, na takriban miaka elfu kumi iliyopita likapata mwanya upande wa kusini, pale ulipo mji wa Bukavu leo. Maji yakaporomoka kutoka mita 1,460 juu ya usawa wa bahari hadi Tanganyika lililo karibu na mita 773, katika safari isiyozidi sana kilomita 100. Kwa hiyo Ruzizi wa leo ni mto mchanga. Nao hauleti maji matupu. Kivu limekaa juu ya ardhi ya moto, chemchemi za chini zinalitia chumvi na madini, na maji yake yana chumvi karibu mara mbili ya yale ya Tanganyika. Mto huu mmoja umebadilisha ladha ya ziwa la maji baridi lililo refu kuliko yote duniani.

Hayo hayaonekani kwa macho. Yalihitaji mtu wa kuchota maji, kuyapima na kuandika, tena mara kwa mara. Mwaka 1947, Ubelgiji ilianzisha taasisi ya utafiti wa sayansi katika Afrika ya Kati, IRSAC, makao yake makuu yakawa Lwiro, na Uvira ikapata kituo cha mambo ya maji na viumbe vyake. Wakati huo huo msafara mwingine wa Wabelgiji, ule wa 1946 na 1947, ulikuwa ukizunguka ziwa zima. André Capart akachora ramani ya kina chake, mita 1,470 pale lilipo refu zaidi kwenda chini, na Max Poll akakusanya samaki wa kujaza vitabu. Ila mtu ninayemwona wa maana kwa Uvira ni Georges Marlier. Wenzake walipokuwa wakitazama ziwa, yeye alipanda milimani na kuifuata mito. Mwaka 1951 alichapisha utafiti wake kuhusu maji ya mito ya Kongo ya mashariki, akipima jinsi kila mto unavyopitisha umeme. Mwaka 1953 akaandika juu ya samaki wa bonde la Ruzizi. Mwaka 1954 akarudi tena na maisha ya viumbe wa mito hiyo, wadudu wadogo wanaojijengea nyumba za mchanga chini ya mawe.

Kipimo hicho cha umeme ni rahisi na kina hekima. Maji safi ya mvua hupitisha umeme kidogo sana. Yenye chumvi na madini hupitisha zaidi. Ukitumbukiza kifaa katika kijito kinachoshuka juu ya miamba migumu ya milima ya Itombwe, namba ni ndogo. Ukikitumbukiza Ruzizi, namba inaruka. Kwa hiyo mtu aliyepima mito yote inayoingia ziwani anaweza kusema kila mmoja umechangia nini, kama Ruhinga alivyoitaja mito yake mmoja mmoja kwa wageni wake.

Kupima matope ni kazi nyingine. Mpimaji husimama darajani, kamba mkononi, ndoo au chupa yenye uzito ikishuka pale mkondo ulipo na nguvu, si kando ambako maji yamelala. Huisuuza mara kadhaa kwa maji ya mto huo huo kabla ya kuchukua yale ya kupeleka. Anaandika saa, joto la maji, na alama ya maji kwenye mti wa kupimia uliosimikwa ukingoni. Maabarani, karatasi ya kuchujia hupimwa uzito ikiwa kavu, maji yakamiminwa juu yake, ikakaushwa ovenini na kupimwa tena. Tofauti ni udongo wa lita ile. Mwezi wa Julai, mito ya Uvira ikiwa imekonda, karatasi hutoka na kivuli tu cha rangi. Mwezi wa Aprili, baada ya usiku wa mvua, karatasi huziba kabla glasi moja ya maji haijapita, na juu yake hubaki tabaka la udongo mwekundu unaoweza kulikwangua kwa ukucha.

Udongo huo kwa sehemu kubwa hautoki Kivu. Ziwa Kivu ni kama tangi la kutuliza. Maji yanayotoka Bukavu ni meupe, tena yanapita kwenye mabwawa ya umeme. Ruzizi huchafuka njiani, kwa Ruhwa na Kaburantwa upande wa mashariki, na kwa mito inayoporomoka kutoka nyanda za juu za Itombwe upande wa Kongo. Ukiwa ndani ya mtumbwi mbele ya mlango wake wakati wa masika, unaona mstari: huku kahawia, kule buluu, na juu ya mstari wenyewe vijiti, matete na povu vimekusanyika. Wavuvi wa ndagala wanaujua mstari huo vizuri. Maji ya mto, yakiwa na baridi zaidi na yamebeba udongo, ni mazito. Hayatandi tu juu ya ziwa, mengine huzama na kuteremka chini. Ndiyo maana anayechota juu tu hupata nusu ya habari.

Mwaka 1958 mwanasayansi mwingine wa kituo, Dubois, alichapisha vipimo vya joto, hewa na uangavu wa maji katika ghuba ya kaskazini. Miaka miwili baadaye Kongo ikapata uhuru, na Mei 1964 waasi wakaiteka Uvira. Wataalamu wa kigeni walikuja na kuondoka. Kituo kilibaki na Wakongo wake, kikabadilishwa jina pamoja na taasisi mama, IRSAC ikawa IRS, halafu CRSN, na leo watu wa Uvira wanakijua kama CRH, kituo cha utafiti wa hydrobiolojia.

Wajapani wa Chuo Kikuu cha Kyoto, wakiongozwa na Hiroya Kawanabe, walipofika mwishoni mwa miaka ya 1970, walikuta pale watu wanaoijua pwani jiwe kwa jiwe. Mtafiti wa Uvira, Nshombo Muderhwa, aliandika pamoja nao mwaka 1985 juu ya samaki mla magamba, Perissodus microlepis. Samaki huyo huyo, aliyevuliwa miaka mingi kando ya Uvira, ndiye aliyempa Michio Hori makala yake mashuhuri ya 1993: baadhi wana mdomo uliopinda kulia, wengine kushoto, na kundi moja likizidi mno, samaki wanaoshambuliwa hujifunza kuulinda ubavu ambao kundi hilo huushambulia, basi kundi la pili linapata nafasi. Jambo kama hilo halionekani kwa ziara moja. Linataka miaka.

Katika miaka ya 1990 ikaja miradi mikubwa. Mradi wa utafiti wa ziwa wa FAO na Finland ulianza mwaka 1992, na mradi wa viumbe hai wa Umoja wa Mataifa ukafuata mwaka 1995, nchi zote nne za ziwa zikishiriki: Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia. Andrew Cohen wa Arizona na wenzake walikuwa wameshaonyesha mwaka 1993 kwamba pale ambapo milima imekatwa miti na udongo unashuka ziwani, aina za viumbe wadogo wenye magamba na za samaki hupungua. Swali la mto likawa limebadilika. Burton aliuliza maji yanakwenda wapi. Sasa liliulizwa yamebeba nini. Lakini mwaka huo 1995 Burundi ilikuwa vitani, na Oktoba 1996 vita vikaingia Uvira. Mara nyingi wakati mto ulipojaa kuliko wakati wowote ndipo barabara ya uwanda ilipokuwa haipitiki, kwa matope au kwa risasi.

Shida hii si ya Uvira peke yake. Kaskazini kabisa mwa dunia mito huganda miezi mingi, kisha mwezi wa Mei au Juni barafu hupasuka na maji kuja kwa kishindo. Sehemu kubwa ya kile ambacho mto hubeba mwaka mzima hupita katika wiki chache. Siku hizo ndege haitui, magari hayavuki, na mwanasayansi wa mbali hafiki. Ulipoanzishwa mradi wa kupima mito sita mikubwa ya huko mwaka 2003, Ob', Yenisey, Lena, Kolyma, Yukon na Mackenzie, waliokabidhiwa chupa walikuwa wakazi wa miji midogo ya kando ya mito, watu wa Cherskiy na Pilot Station, kwa sababu wao ndio wako pale barafu inapovunjika. Nilipolisoma hilo nilifurahi. Dunia ya sayansi ilikuwa imekubali kwa karatasi kile ambacho Uvira ingeweza kuiambia tangu 1858.

Na thamani ya vipimo vya zamani hujulikana baadaye. Mbelgiji Louis Stappers alipima joto la ziwa mwaka 1913, na miaka 90 baadaye Piet Verburg na wenzake walitumia kumbukumbu kama hizo kuonyesha kwamba maji ya kina kirefu yamepata joto na ziwa halichanganyiki kama zamani. Stappers hakuweza kujua anampimia nani.

Mji wa Uvira umebanwa kati ya mlima na ziwa, na mito yake mwenyewe ni mifupi na mikali: Mulongwe, Kalimabenge, Kavimvira. Maji ya mvua iliyonyesha juu hufika mjini kabla watu hawajaamka. Ndivyo ilivyokuwa usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020. Mulongwe ulishuka na mawe na miti, ukafagia nyumba na madaraja, ukaua makumi ya watu na kuacha maelfu bila makao. Ziwa nalo lilikuwa likipanda. Miaka iliyofuata lilikaribia mita 777, kiwango ambacho halikufikia tangu miaka ya 1960, na mtaa baada ya mtaa wa pwani, kuanzia upande wa Kavimvira hadi Kalundu, ukaingiwa na maji.

Mulongwe ndio pia unaowanywesha watu wa Uvira. Kiwanda cha REGIDESO, shirika la maji la serikali, huchukua maji yake kutoka mto huo, kwa hiyo matope ya masika si habari ya samaki tu. Utafiti ulioongozwa na Aurélie Jeandron, uliochapishwa mwaka 2015, ulilinganisha siku ambazo bomba lilikauka na idadi ya watu waliolazwa kwa dalili za kipindupindu mjini. Baada ya siku isiyo na maji wagonjwa waliongezeka katika siku 12 zilizofuata, na karibu robo ya waliolazwa wangeweza kuhusishwa na kukatika kwa maji. Mama anayekuta bomba kavu huchukua ndoo na kwenda ziwani au mtoni, kwenye maji yale yale yanayozibisha karatasi ya kuchujia.

Kwa maoni yangu, kazi ya kupima Mulongwe, Kalimabenge na Ruzizi ingestahili kulipwa kama kazi ya zahanati inavyolipwa: kila mwezi, mradi uwepo au usiwepo. Inahitaji mti wa kupimia ukingoni, chupa, karatasi, mizani na oveni. Inahitaji mtu anayeishi karibu na daraja, mwenye mshahara wa kumfanya atoke saa kumi usiku mvua ikinyesha, na daftari linalowekwa mahali pasipofikiwa na maji. Wafanyakazi wa kituo wa kuifanya wapo, na wanafunzi waliosomea biolojia na mambo ya maji hapo hapo Uvira wapo. Mvua za kwanza huanza Septemba.